SSD za kashe kwa NAS ya nyumbani: uliza kapasita kabla ya kuuliza bei

Usiku wa sendofu ya mdogo wangu nilikuwa nahamisha picha kutoka kwenye kadi za kamera kwenda kwenye NAS yetu (sanduku la diski linalohifadhi faili za familia kupitia mtandao wa nyumbani) hapa Tabata, umeme ukakatika. Mvua za masika zikianza tumeshazoea. Uliporudi, NAS iliwaka taa ya machungwa, na nilipoifungua kwenye kompyuta nikakuta hifadhi nzima imeandikwa kuwa imeharibika. Diski ngumu zote nne zilikuwa nzima. Kilichokufa ni SSD mbili za kashe, yaani diski za chipu zinazopokea faili kwanza ili kazi iende haraka, zote kwa mpigo, nilizonunua Kariakoo miezi mitano kabla kwa sababu muuzaji aliniambia, "Dada yangu, SSD ni SSD tu, chukua hizi za bei poa."

Picha za sendofu zilikuwa bado kwenye kadi. Za mwezi uliotangulia, zikiwemo za baba akiwa wodini, sikuwa nimezinakili kwingine. Zimekwenda. Ndiyo maana naandika haya.

Wengi tukinunua SSD tunatazama kasi na ukubwa. Kasi achana nayo. NAS nyingi za nyumbani zina tundu la mtandao la gigabiti 1, linalopitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, na SSD za kawaida zinazidi hapo. Ukubwa nao usikusumbue, gigabaiti 480 au 500 zinatosha familia. Kitu ambacho hakuna anayekitaja dukani ni kinga ya kukatika kwa umeme, ile ambayo karatasi za kiufundi huiandika kwa herufi tatu: PLP.

Kashe ya kusoma na kuandika hufanya kazi hivi. Unapotuma faili, NAS huiweka kwanza kwenye SSD, inakujibu kwamba imepokea, kisha baadaye inaishusha polepole kwenye diski ngumu. Katikati hapo, nakala mpya kabisa ya kazi yako iko kwenye SSD peke yake. Na ndani ya SSD kwenyewe, data inayoandikwa pamoja na ramani inayoonyesha kila kipande kimekaa wapi hupita kwanza kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukizima. SSD yenye PLP ina safu ya kapasita ndogo zinazohifadhi chaji ya kutosha kumalizia kuandika vilivyo njiani. Isiyo nayo inazimika katikati ya neno. Ramani ikivurugika, SSD inaweza kuamka haijitambui, kama zangu.

"Lakini si uliziweka mbili zifanane?" Ndiyo, na NAS nyingi hazikuruhusu kashe ya kuandika bila SSD mbili. Pacha hukukinga moja ikifa peke yake. Umeme ukikatika zinakatika zote sekunde ileile, zikiwa zinaandika kitu kilekile. Pacha haikunisaidia chochote.

Jihadhari pia na maneno ya kwenye boksi. Crucial MX500, kwa mfano, ina kinga ya umeme inayotangazwa, ila inalinda data iliyokwisha kulala kwenye chipu, si ile iliyo njiani. Ni SSD nzuri ya laptopu. Kwa kashe ya kuandika, hapana.

Mpangilio wangu ni huu, na sifichi kwamba naipendelea Kingston. Sababu ni kwamba wametengeneza PLP ya kapasita kwenye SSD fupi inayoingia NAS za nyumbani, na jina lao maduka yetu wanalijua, hata kama itabidi uagize.

Ya kwanza ni Kingston DC1000B ya gigabaiti 480, au mdogo wake mpya DC2000B. Zote ni za NVMe (njia ya kasi ya kuwasiliana na SSD), urefu wa 2280, yaani milimita 22 kwa 80, na zimetengenezwa kwa ajili ya seva. Uvumilivu wake wa kuandikwa si mkubwa kupita wote: DC1000B ya 480 imedhaminiwa terabaiti 475 hivi. Kwa nyumba inayohifadhi picha na nyaraka hiyo ni miaka mingi. Kama NAS yako haina tundu za M.2 (zinazopokea SSD fupi za namna hiyo) na unatoa nafasi mbili za diski za kawaida, chukua DC600M ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski; nayo ina kapasita. Ya 480 imedhaminiwa terabaiti 876.

Ya pili, Micron 7450 PRO. Kiufundi pengine ni bora kuliko chaguo langu la kwanza, ila hakikisha ni ya urefu wa 2280, kwa sababu hutengenezwa pia kwa urefu wa 22110. Hilo ndilo kosa la wanaonunua Samsung PM9A3 ya M.2 wakiona ina PLP: ni ya 22110, na kwenye tundu za NAS nyingi za nyumbani haiingii, inabaki na sentimita 3 nje.

Ya tatu, Synology SNV3410, kwa mwenye NAS ya Synology. Ina PLP na haina ubishi wa kukubaliana na mashine. Bei yake kwa kila gigabaiti inauma.

Ya nne, WD Red SN700. Hii haina PLP, lakini inavumilia: ya gigabaiti 500 imedhaminiwa terabaiti 1,000. Iweke kwa kashe ya kusoma tu, ile inayoweka nakala za faili unazofungua mara kwa mara. Kashe ya kusoma ikifa hupotezi kitu, kwa sababu nakala halisi iko kwenye diski ngumu.

Za bei rahisi, kama Crucial P3 yenye dhamana ya terabaiti 110 kwa gigabaiti 500, ziache kwenye laptopu.

UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, nunua vilevile, na uiunganishe na NAS kwa waya wa USB ili NAS ijizime yenyewe. Ila UPS haizuii adapta ya NAS kufa wala mtoto kuchomoa waya upande wa pili, na betri yake inachoka bila kukuaga.

Sasa wauzaji. Unaona tangazo la SSD, picha nzuri, bei hakuna: "njoo inbox." Ukifika inbox unaulizwa uko wapi kwanza. Kwa nini bei ya kitu cha kiwandani itegemee mtaa ninaokaa? Nimewahi pia kuuzwa M.2 ya SATA kwa ajili ya NAS inayotaka NVMe. Zinafanana kwa macho, na muuzaji akakataa kubadilisha kwa sababu boksi limefunguliwa. Ningejuaje bila kulifungua? Msomaji mmoja wa Mwanza alinunua "mpya" iliyokuwa na maelfu ya saa za kuwashwa. Kabla ya kulipa, omba iwekwe kwenye kompyuta msome SMART, rekodi ya afya inayotunzwa na SSD yenyewe: saa za kuwashwa na kiasi kilichokwisha kuandikwa. Akigoma, ondoka.

Siku ukibadilisha SSD za kashe ya kuandika, usizichomoe tu hata kama NAS imezimwa. Ondoa kashe kwanza ndani ya mipangilio, subiri data yote ishuke kwenye diski ngumu. Yangu ilichukua karibu saa nzima.

Siku hizi nikiulizia SSD ninaomba picha ya ubao wake, nihesabu kapasita. Wengi hawajibu. Kijana mmoja alinitumia picha bila kuulizwa mara mbili, bei akiwa ameiandika chini yake, na DC1000B mbili zilizo ndani ya NAS yetu nimenunua kwake.