Uzoefu wangu na Codeberg: tulivyochagua makao ya programu yetu ya VICOBA hapa Mbeya

Kwa zaidi ya mwaka sasa programu yetu ya kutunza hesabu za VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) imehifadhiwa Codeberg, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi msimbo (maandishi ya programu), na kwa kuwa vijana wanaoandika programu huria hapa Mbeya, Iringa na Njombe wameniuliza mara nyingi kwa nini hatukubaki GitHub, walipo karibu watu wote, nimeona nieleze kwa kirefu jinsi tulivyochagua, kinachotufaa na kinachotupungukia. Programu yenyewe ni ndogo. Inarekodi hisa, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii, inafanya kazi kwenye simu hata pasipo mtandao, na tumeitoa kwa leseni ya GPL toleo la 3 ili kikundi chochote kiichukue na kuibadilisha bila kutuomba ruhusa. Tunaoiandika ni wachache: mimi niko Mbeya mjini, mwenzangu yuko Iringa, mwingine Njombe, na wanafunzi hujiunga na kuondoka kadiri masomo yanavyowaruhusu.

Tulianza kutafuta makao mengine baada ya akaunti ya mwenzetu mmoja kufungwa na huduma tuliyokuwa tukiitumia, bila maelezo ya kueleweka na bila mtu wa kumuuliza. Msimbo haukupotea hata mstari mmoja, kwa sababu Git, chombo cha kutunza mabadiliko ya msimbo, tangu Linus Torvalds alipoianzisha mwaka 2005, imejengwa kwa namna ambayo kila anayenakili hazina nzima, yaani mafaili yote ya mradi, hubaki na historia yake yote. Kilichotoweka ni tiketi (taarifa za makosa na mapendekezo) alizozifungua na maoni aliyoyaandika: kwa nini tulikubaliana riba ikokotolewe kwa salio linalopungua, kwa nini faini haiingizwi kwenye hisa, nani aligundua kosa la kuzungusha senti. Kwa mradi wa hesabu za watu, majadiliano ya namna hiyo yana thamani sawa na msimbo wenyewe, na kwa bahati mbaya hayo hayamo ndani ya Git. Yanakaa kwenye hifadhidata ya mwenye huduma.

Kwa sababu hiyo swali letu la kwanza halikuwa huduma ipi ina vitufe vingi, bali huduma ni ya nani, na siku tukitaka kuondoka tutaondoka na nini. Historia inatoa sababu za kutosha za kuuliza hivyo. Google Code, huduma ya Google ya kuhifadhi msimbo, ilitangaza mwaka 2015 kwamba inafunga, na Januari 2016 ikafungwa, ingawa nyuma yake ilikuwapo mojawapo ya kampuni zenye fedha nyingi duniani. Gitorious, iliyokuwa kimbilio la wapenzi wa programu huria, ilinunuliwa na GitLab, huduma nyingine ya aina hiyo, mwaka 2015 na kufungwa mwaka huohuo. GitHub ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, na mwaka uliofuata ikawawekea mipaka watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Sisemi kwamba GitHub ni huduma mbaya. Kwa uwezo na wepesi wa kazi ni vigumu kuipata inayoishinda. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi wa Iringa hana njia yoyote ya kushiriki katika uamuzi unaohusu kazi yake pale.

Tuliangalia kwanza SourceHut, huduma nyingine ya kuhifadhi msimbo, na nakiri kwamba ilinivutia sana. Drew DeVault aliifungua kwa umma mwaka 2018, kurasa zake ni nyepesi na nyingi hazihitaji JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari), na mchangiaji hahitaji hata kufungua akaunti, kwa sababu mabadiliko hutumwa kwa barua pepe kwa amri ya git send-email. Kwa nchi yenye mtandao wa kukatikakatika, utaratibu huu una mantiki kubwa: unaandika ukiwa kijijini Isongole, unapofika penye mtandao unatuma, basi. Tatizo lilikuwa kwa wanafunzi wetu. Barua pepe wanaitumia kwenye simu, programu zao hutuma ujumbe wenye mapambo ambao Git haiwezi kuupokea kama kiraka (faili la mabadiliko), na ili kutumia git send-email kwa Gmail ni lazima uwashe uthibitisho wa hatua mbili, utengeneze nenosiri la pekee la programu, kisha uandike anwani ya seva na namba ya lango kwenye mipangilio ya Git. Kwa mtu anayejitolea kurekebisha kosa moja la tahajia, huo ni mlima. Aidha, mwenye mradi hutakiwa kulipia akaunti. Naona hilo ni la haki kabisa, lakini malipo ya kadi mtandaoni kila kipindi yangebaki begani mwa mtu mmoja kati yetu.

GitLab hatukukaa nayo sana. Toleo lake huria ni zuri, ila kuliendesha mwenyewe kunataka mashine yenye kumbukumbu kubwa, na ile ya mtandaoni ni mali ya kampuni iliyoingia soko la hisa mwaka 2021, kwa hiyo swali letu la umiliki lingebaki palepale. Wapo pia waliopendekeza tuendeshe seva yetu wenyewe hapa mjini. Forgejo, ambayo ndiyo programu inayoendesha Codeberg, inaweza kukaa kwenye kompyuta ya kawaida pamoja na hifadhidata ya SQLite, na kwa chuo au kampuni yenye fundi wa kudumu ningeipendekeza bila kusita. Sisi hatuna fundi wa kudumu. Umeme ukikatika usiku, au likitoka sasisho la usalama wakati wote tuko shambani au kwenye mitihani, nani ataamka?

Codeberg ilitushawishi kwa muundo wake kabla ya kitu kingine chochote. Inaendeshwa na Codeberg e.V., chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin, Ujerumani, na huduma ilifunguliwa kwa umma Januari 2019. Haina wanahisa, inategemea ada za wanachama na michango, na wanachama hai ndio wanaopiga kura na kuchagua uongozi. Wapo pia wanachama waungaji mkono ambao huchangia bila kupiga kura. Kutumia huduma hakukulazimishi kuwa mwanachama wala kulipa. Nilipowaeleza akina mama wa kikundi kimoja cha Rungwe kinachotumia programu yetu, walielewa mara moja, kwa sababu ni jambo wanalolifanya kila wiki: chama kina katiba, kila mtu anatoa chake, viongozi wanachaguliwa, na vitabu vya hesabu vinafunguliwa mbele ya wote. Mweka hazina wao aliniuliza tu kama katiba hiyo inaweza kubadilishwa na mtu mmoja. Haiwezi, na hilo ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta kwa huduma nyingine zote.

Hata programu ya Forgejo ina historia inayohusiana na suala hilohilo. Codeberg ilikuwa ikitumia Gitea, programu ya kuendesha huduma za aina hii, na mwaka 2022 ilipotangazwa kwamba jina na tovuti ya Gitea vimekuwa chini ya kampuni, sehemu ya wanajamii walianzisha Forgejo mwezi Desemba mwaka huo, chini ya mwavuli wa Codeberg e.V. Mwaka 2024 waliamua kwenda njia yao kabisa, na kuanzia toleo la 9 wakahamia leseni ya GPL. Maana yake kwetu ni kwamba hata Codeberg ikifungwa kesho, programu inayoiendesha tunaweza kuipata, na hazina zetu zinaweza kuhamia seva nyingine yenye Forgejo bila kubadili namna tunavyofanya kazi.

Kuhama kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotarajia. Unaingiza anwani ya hazina ya zamani pamoja na tokeni (nenosiri maalum) ya kuisoma, unachagua kama unataka pia tiketi, lebo, maombi ya kuunganisha mabadiliko, matoleo na wiki, kisha unasubiri. Maoni ya zamani yalikuja yakiwa na majina ya waandishi wake wa awali, ingawa hawakuwa na akaunti Codeberg. Viungo vilivyoandikwa kwa anwani kamili ndani ya maoni viliendelea kuelekea kule tulikotoka, kwa hiyo vile vya muhimu tulivirekebisha kwa mkono. Yale yaliyokwisha kufutwa pamoja na akaunti ya mwenzetu hayakurudi. Baadhi tuliyapata kwenye barua pepe za taarifa alizokuwa amezipokea mwenzetu wa Njombe, tukayanakili kwenye faili la kumbukumbu za maamuzi ambalo sasa linakaa ndani ya hazina yenyewe, likisafiri na msimbo popote utakapokwenda.

Kwa upande wa bando, wanafunzi nimewafundisha kutumia git clone --depth 1, inayoshusha hali ya sasa pekee bila historia yote. Penye mtandao wa taasisi unaozuia lango la 22, ambalo SSH (njia salama ya kuunganisha na seva) hulitumia, wanatumia HTTPS, njia ya kawaida ya tovuti, pamoja na tokeni badala ya kuhangaika. Uthibitisho wa hatua mbili unafanyika kwa programu ya simu inayotoa namba hata bila mtandao, na hapa namba hiyo ina faida kubwa kuliko ujumbe mfupi ambao wakati mwingine unafika umeshapitwa na wakati.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote, na ambacho sikukitarajia kabisa, ni Weblate. Codeberg ina seva yake ya Weblate kwa ajili ya miradi huria, na kupitia hiyo mtu anaweza kurekebisha maneno yanayoonekana kwenye programu bila kuijua Git. Katibu wa kikundi kimoja cha Tukuyu, mama ambaye hajawahi kuandika msimbo, aliifungua kwenye simu yake na kukuta ujumbe wetu uliokuwa ukisema “Thamani si sahihi” pale mwanachama anapoomba mkopo mkubwa mno. Akaandika badala yake: “Mkopo huu unazidi mara tatu ya hisa zako.” Tulikuwa tumeandika ujumbe wa mafundi, yeye akaandika wa mkutano wa kikundi. Weblate hukagua pia kwamba alama zinazobeba kiasi cha fedha hazijafutwa kwa bahati mbaya, na marekebisho yanapoingia kwenye hazina hubeba jina la aliyeyafanya. Jina la mama huyo limo kwenye historia ya programu sawa na langu, na wanafunzi wamelielewa jambo hilo kuliko hotuba yoyote ambayo ningeweza kuwapa.

Yapo yanayopungua, na anayetaka kuhama anapaswa kuyajua mapema. Majaribio ya kujiendesha kwa kutumia Woodpecker, programu inayopima msimbo kila unapobadilishwa, hayafunguki tu kwa kila mtu. Mradi huomba nafasi na wahusika hukagua ombi, kwa kuwa mashine ni za chama na watu wamewahi kuzitumia vibaya. Sisi tumeweka programu fupi inayoendesha majaribio kwenye kompyuta ya mchangiaji kabla hajatuma. Codeberg ni kwa ajili ya kazi huria, kwa hiyo anayeandika programu ya mteja kwa siri atafute mahali pengine. Huduma huru pia hazina mifuko mikubwa ya kujilinda: Januari 2024 SourceHut ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya mtandao ikakaa siku kadhaa bila kufanya kazi ipasavyo, na Codeberg nayo ilishambuliwa siku hizohizo. Anayehitaji ahadi ya maandishi kwamba huduma haitalala hata saa moja hataipata hapa.

Suala zito zaidi ni ajira. Waajiri wa Dar es Salaam bado huomba anwani ya GitHub, na siwezi kumwambia kijana aliyemaliza chuo mwaka huu aache kuonekana. Kwa ajili hiyo tumewasha kioo cha kusukuma, ambacho Forgejo inacho ndani yake: kila tunapoweka mabadiliko Codeberg, nakala inakwenda yenyewe kwenye hazina ya GitHub, na majina ya wanafunzi yanaonekana huko pia iwapo wameunganisha barua pepe waliyotumia. Kule tumezima tiketi, na faili la maelezo linamwelekeza msomaji mahali majadiliano yanapofanyika. Mwenzangu wa Iringa ameshajiunga na chama kama mwanachama hai kwa niaba ya mradi wetu, na ada yake tunaichangia sote kwa simu.