Kazi za kujirudia kwenye Linux: ndani ya kerneli au katika programu ya kawaida?

Anayetaka kifaa kisomwe kila baada ya milisekunde 10 ana njia mbili: kuandika moduli ya kerneli (kipande cha msimbo kinachopakiwa ndani ya kiini cha mfumo), au kuandika programu ya kawaida inayolala na kuamka.

Kwa usahihi wa muda moduli iko mbele, ila si kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Kipima muda cha kale cha kerneli hufuata mapigo ya mfumo, na penye mapigo 250 kwa sekunde hakiwezi kupambanua muda ulio chini ya milisekunde 4. Anayetaka usahihi zaidi hutumia hrtimer, kipima muda cha kerneli chenye usahihi wa juu. Programu ya kawaida nayo, ikiitumia clock_nanosleep (wito wa mfumo wa kuilaza programu) kwa kutaja saa kamili ya kuamka badala ya muda wa kulala, hailimbikizi uchelewaji, na ikipewa kipaumbele cha SCHED_FIFO (ratiba ya kazi za wakati halisi) hukidhi mahitaji mengi.

Gharama ya kosa ndiyo inayozitenga kabisa. Programu ikianguka, systemd, msimamizi wa huduma za Linux, inaweza kuiwasha upya. Moduli ikiondolewa kabla ya kipima muda chake kuzimwa, mashine nzima inaweza kwenda nayo.

Matunzo pia ni mzigo, kwa sababu kerneli haiahidi uthabiti wa violesura vyake vya ndani: setup_timer, iliyotumika kuandaa kipima muda, iliondolewa katika toleo la 4.15, na moduli zilizoitegemea zikabidi kuandikwa upya.

Basi kazi inayogusa rejista za kifaa (sehemu ndogo za kumbukumbu za kukidhibiti) inastahili moduli. Inayohitaji faili, mtandao au hifadhidata ibaki nje. Kuyafanya hayo ndani ya kerneli kunawezekana, lakini ni kujitafutia balaa.