Kikundi cha walezi mtaani baada ya kuasili mtoto: nyota nne

Kabla ya amri ya mahakama ya kuasili mtoto unatembelewa mpaka unachoka. Afisa ustawi wa jamii anakagua nyumba, anaongea na majirani, anaandika ripoti za kipindi chote cha malezi ya kambo. Amri ikitoka na cheti cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo Tanzania, kikipatikana, kimya. Na mtoto naye, akishajua harudishwi tena, ndipo anaanza kuonyesha yaliyomo moyoni.

Wangu alitoka makao ya watoto akiwa na miaka sita. Alikuwa anaficha ugali chini ya godoro. Mama mkwe akasema huo ni wizi, achapwe mapema. Nikaelekezwa kwenye kikundi cha walezi kinachokutana Jumamosi ofisi ya serikali ya mtaa. Tulioasili ni wachache. Wengi ni mabibi wanaolea wajukuu yatima, na mama wadogo walioachiwa watoto wa dada zao. Bibi mmoja akanisikiliza, akacheka kidogo: "Muwekee kibakuli chake kabatini, mwanangu. Mwambie ni chake, na usikichunguze." Nilifanya hivyo. Siku zikapita, godoro likawa safi. Kwa ushauri huo tu ningewapa nyota zote.

Pia kuna mfuko wa kuweka na kukopa, umenisaidia sare za shule. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto nimeijulia hapo. Ni bure, na hata mlezi aliyezidiwa anaweza kupiga. Akina baba hawaji, labda kwa vile soda haitoshi.

Nyota moja nimeinyofoa kwa sababu ya siri. Mhudumu wa kujitolea wa kikundi alikuja kwangu na fulana ya mradi, akasimama getini akiniita kwa sauti. Jioni hiyo duka zima linajua mwanangu ni wa kuasili, kabla sijakaa naye kumweleza vizuri mwenyewe. Nililalamika, sasa wanapiga simu kwanza na fulana wanaiacha nyumbani. Huduma ya jirani ina uzuri huo na ubaya huo: anakufikia haraka, na maneno yanafika haraka vilevile.

Ukitaka kujiunga, muulize afisa ustawi wa jamii wa kata yako kabla shauri halijaisha mahakamani. Uliza pia nani atakuwa anakutembelea. Ukiambiwa ni mpangaji mwenzako, omba mwingine.