TAHADHARI: huyu jamaa wa "basari" msimtumie hata shilingi

Jamani, hasa nyinyi wazazi wa watoto wanaoingia koleji mwaka huu, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Mombasa, Kisauni, Likoni mpaka Changamwe, ajifanya mtu wa ofisi ya basari ya wodi, ule msaada wa fii. Profaili yake kasimama pale Pembe za Ndovu na suti, ukimwona wasema huyu mtu wa heshima. Mie kanila 6,500.

Nilikuwa nimeposti kwa grupu barua ya kuitwa koleji ya kijana wangu, furaha tu, na namba ya admishoni iko mule wazi. Kesho yake napigiwa simu, jamaa ataja jina la mtoto, kozi, mpaka fii ya muhula wa kwanza, ati mama kijana wako amepita, kapewa 40,000, tuma 1,500 tufungue faili. Nikatuma. Ikaja 2,000 ya muhuri, halafu 3,000 ya kumuona mkubwa ili hundi isirudishwe Nairobi (hapo enyewe ningeshtuka, basari ya wodi yaenda Nairobi kufanya nini?).

Akanitumia na barua, ina saini na kila kitu. Nikaipeleka koleji, dada wa akaunti akaitupia jicho mara moja tu akaniuliza, "Mamangu, huyu ushampa ngapi?"

Ndio akanieleza. Fomu ya basari ya CDF (mfuko wa eneo bunge) au ya kaunti ni bure, waichukua ofisini kwao, wapeleka kwa chifu apige muhuri, na pesa zikitoka zaenda moja kwa moja akaunti ya koleji, hazipiti M-Pesa ya mtu yeyote. Pesa za HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na ile skolashipu ya serikali mtoto aomba mwenyewe mtandaoni, na HELB mjue ni mkopo, utalipwa.

Namba nimeiripoti Safaricom kwa 333, polisi nimepewa OB, yaani namba ya ripoti. Kurivasi, yaani kurudishiwa pesa, ilishindikana, alikuwa ashazitoa. Na leo mchana shoga yangu wa Likoni kanitumia skrinshoti, ni yuleyule na suti yake ileile, jina ndio jipya, sai aomba na picha ya kitambulisho mbele na nyuma.

Kama ashakula zako njoo inboksi twende kituoni pamoja, tukiwa wengi hiyo OB haitalala.