Medela Harmony kwa mama wa mtoto njiti: pampu ya mkono isiyohitaji umeme

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 kwa kawaida bado hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, kwa hiyo maziwa humfikia kwa mpira wa puani au mdomoni. Ziwa lisilonyonywa wala kukamuliwa hupunguza maziwa haraka. Ndiyo maana tunaipima Harmony kama kifaa cha tiba, si kama kifaa cha mama anayerudi kazini huku mtoto wake wa miezi sita akibaki na dada nyumbani.

Ni pampu ya mkono ya kampuni ya Medela ya Uswisi. Huja na chupa ya mililita 150, na kwa kawaida faneli (kikombe kinachofunika chuchu) ya milimita 24. Mpini wake una pande mbili. Upande mfupi unabanwa harakaharaka, kwa nguvu kidogo, mpaka maziwa yaanze kushuka. Kisha mama anahamia upande mrefu na kubana taratibu, akiachia kikamilifu kila mara.

Hata hivyo, siku mbili au tatu za mwanzo mikono ndiyo itangulie. Dang'a ni nzito na kidogo, na ikipita kwenye pampu sehemu kubwa hunata kwenye plastiki. Anza ndani ya saa 6 baada ya kujifungua ukiwa na nguvu za kutosha, mapema zaidi ikiwezekana. Weka kidole gumba juu na viwili chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana bila kuteleza juu ya ngozi. Matone yavutwe kwa sirinji ya mililita 1. Uchache wake usikuvunje moyo: njiti wa gramu 1,100 aliyeanzishiwa mililita 20 kwa kilo kwa siku anahitaji mililita 22 tu kwa saa 24, yaani chini kidogo ya mililita 2 kila baada ya saa 2. Daktari Jane Morton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha mwaka 2009 kwamba kina mama wa njiti waliokamua kwa mkono zaidi ya mara 5 kwa siku katika siku 3 za mwanzo, pamoja na kutumia pampu ya umeme, walikuwa na maziwa mengi zaidi wiki zilizofuata.

Hesabu inayowapoteza wengi inakuja baadaye. Mtoto yule yule akifikia mililita 160 kwa kilo atakula mililita 176 kwa siku, na mama anayepata 250 huona amevuka, akaanza kulala usiku kucha. Lakini wiki mbili za mwanzo ndizo zinazojenga uwezo wa ziwa, na mtoto akifika kilo 2.5 atahitaji mililita 400. Lenga angalau mililita 500 kwa siku ifikapo siku ya 14. Hiyo ni kukamua mara 8 au zaidi, mojawapo usiku wa manane, bila kupitisha saa 5 mfululizo.

Hapo ndipo udhaifu wa Harmony unapojitokeza. Inakamua ziwa moja kwa wakati. Dakika 15 kila upande, mara 8, ni saa 4 za kubana mpini kila siku, na kifundo cha mkono huanza kuuma, hasa kwa aliyepasuliwa na bado hajaweza kukaa vizuri. Kama wodi ina pampu kubwa ya umeme inayokamua pande zote mbili, tumia hiyo kwanza, ukiwa na seti yako binafsi ya faneli na chupa. Harmony ibaki kwa umeme ukikatika, na kwa usiku ukiwa mbali na wodi.

Ikipoteza mvuto ghafla, usikimbilie kununua nyingine. Kwenye toleo lenye vali ya manjano, angalia kwanza kile kipande cheupe chembamba kilichobanwa chini yake. Kikipasuka, kikikunjamana au kikibaki na tone la maziwa yaliyokauka, hewa inapita na pampu haivuti. Baada ya hapo kagua ringi ya mpira kwenye shina la mpini. Dukani, kabla ya kulipa, ziba faneli kwa kiganja na ubane mpini: kiganja kivutwe.

Chuchu ikisuguliwa kwenye kuta za faneli au ikitoka imepauka, milimita 24 haikufai. Omba 21 au 27. Maumivu si dalili kwamba inafanya kazi. Na usiikandamize faneli kifuani, utaziba njia za maziwa.

Usafi tunausisitiza kuliko yote, kwa sababu utumbo wa njiti haustahimili vijidudu. Fungua vipande vyote, pamoja na kile cheupe, suuza kwa maji baridi, osha kwa sabuni kwenye beseni la kazi hiyo pekee (si kwenye sinki la wodi), suuza tena, kisha chemsha dakika 5 angalau mara moja kwa siku. Kausha kwa hewa juu ya kitambaa safi. Pampu hii ni ya mtu mmoja. Usiazime wala usinunue iliyotumika.

Kila chupa iandikwe jina, tarehe na saa. Ukiona damu kwenye maziwa, au umeanza dawa yoyote, mwambie muuguzi kabla hajayapokea.

Tunaipendekeza kwa mama asiye na umeme wa uhakika, na kama pampu ya pili kwa aliyenayo ya umeme. Kwa mama wa njiti wa chini ya kilo 1, ambaye huenda atakamua kwa miezi, isiwe chombo pekee pale penye njia nyingine.