Bati la keki ya mdoli: nilivyoliona mimi ninayeokea Uyole

Bati hili ni la kuokea keki ya mdoli, yaani keki yenye umbo la sketi anayochomekwa mdoli juu yake. Nililinunua Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwenye duka la vifaa vya keki, kwa shilingi 38,000 baada ya kuvutana na muuzaji. Ndani ya boksi kuna bati lenyewe, ambalo ukiligeuza ni sketi ya gauni la bibi harusi, stendi ya kulishikilia kwenye oveni, na kijifimbo cha chuma cha kusimamisha katikati. Mdoli unauzwa kando. Upana ni kama sentimita 20, kimo 13, na linakula vikombe vitano hadi sita vya mchanganyiko.

Niseme mapema kwamba nimelipenda. Zamani keki ya mdoli nilikuwa napandanisha keki za duara, halafu nachonga kwa kisu mpaka sketi ipatikane. Makombo meza nzima, na watoto wa jirani ndio walionufaika. Kwa bati hili sketi inatoka imeshaumbika. Unasawazisha kitako, unaanza kupamba.

Ila karatasi ya maelekezo usiifuate kichwakichwa ukiwa huku kwetu. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo gesi ya bekingi pauda inatanuka upesi: keki inapanda kwa fujo kabla haijashikana, kisha inabonyea. Keki bapa ikibonyea unafukia kwa krimu, maisha yanaendelea. Hii ina kina, na inapobonyea ni pale pale katikati anaposhikiliwa mdoli, ukaja kuinama kama mtu aliyetoka kilabuni kunywa ulanzi. Mimi kila kijiko cha chai cha bekingi pauda nakipunguza karibu robo, naongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa kwa kila kikombe cha unga, na moto naweka nyuzi 170 za Selsiasi badala ya 160 iliyoandikwa.

Kijifimbo kile wengi wanakiona urembo, wanakiacha kwenye boksi. Hapana. Ndicho kinachopeleka joto katikati. Bila hicho kingo zinakauka na ndani kunabaki uji. Kipake siagi, kinyunyizie unga, na tundu litakaloachwa ndilo utakalochomeka mdoli. Saa moja hivi inatosha. Kupima, tumia kijiti cha mshikaki, maana cha meno hakifiki hata nusu ya safari.

Sasa mdoli. Hapa ndipo pesa zinapotea bure. Mdoli mzima wa saizi ya Barbie una urefu wa sentimita 29, na miguu yake inapita kimo cha bati. Utalazimika kuoka keki nyingine bapa ya kuweka chini, utoboe zote mbili, na umviringishe mdoli nailoni ya chakula kuanzia kiunoni mpaka nyayo. Dukani kuna nusu mdoli, kichwa mpaka kiuno, chini una mchomo wa plastiki. Nililipa 7,000. Uoshe, ukaushe, chomeka, basi. Mingi iliyokuwepo ilikuwa ya kizungu yenye nywele za njano, nilipekua boksi mpaka chini nikapata mmoja mweusi mwenye nywele zilizosukwa, na binti wa kaka yangu, aliyekuwa anatimiza miaka mitano, akasema, "Shangazi, huyu ni mimi." Hiyo 7,000 sijaijutia.

Kupamba nilitumia krimu ya siagi. Fondanti, ule unga wa sukari uliokandwa na kusukumwa kama chapati, inapendeza kwenye picha, ila watoto wanaibandua na kuiacha kwenye sahani. Baridi ya Juni na Julai huku ni baraka na balaa kwa pamoja: siagi haitaki kulainika, inabidi bakuli likae karibu na jiko kwanza, lakini ukishaichapa na sukari ya unga, maua yanasimama vilevile ulivyoyachora mpaka kesho yake. Anza maua chini kwenye pindo, panda juu kwa duara, na kiuno malizia mwisho, kwa sababu ndipo tundu linapofichwa. Blauzi ya mdoli pakaza kwa nozeli ndogo ya nyota.

Kusafirisha: boksi za keki za kawaida ni fupi, mdoli hauingii. Nilipeleka sketi peke yake kwa bajaji kutoka Uyole hadi Forest, matuta yote yale, ikafika salama kwa kuwa ina kitako kipana. Mdoli ulikuwa kwenye mkoba wangu, nikauchomeka pale kwa wifi na kuziba kiuno kwa krimu kidogo niliyobeba. Kwa mdoli mzima hilo haliwezekani.

Kasoro ni stendi. Waya wake ni mwembamba, haukai sawa kwenye wavu wa oveni, na mimi huweka bati juu ya trei ndiyo nifunge mlango kwa amani. Kwa bei ile wangeweka chuma cha maana.

Anayeoka kuuza anunue, gharama inarudi upesi. Kama wewe ni mama wa keki moja kwa mwaka, chukua bakuli la chuma lenye kina lililoko jikoni kwako, lipake siagi na unga, punguza moto, lipe muda zaidi ya huo niliotaja, kisha ununue nusu mdoli tu.