Simenti bodi kwenye banda la chipsi, Nzuguni: mwaka mmoja na ushee

Nilinunua bodi sita za saruji yenye nyuzi, unene wa milimita 9. Nne nikaweka dari chini ya bati, mbili nyuma ya jiko la mkaa. Muuzaji alisema haziungui, na kweli haziungui.

Za dari nazisifu. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja bati la Dodoma halishikiki mchana, lakini bodi hazijapinda wala kupasuka, na mchwa waliokula dari yangu ya kwanza hawajazigusa.

Za jikoni ndizo zimeniumiza. Jiko lilibanana na ukuta, hata vidole vinne havipiti. Mwezi wa tatu pakatokea duara la kahawia usawa wa moto, kisha likawa na rangi ya jivu. Nikigonga pembeni palilia kama sahani; katikati mlio ulikuwa butu, na kucha ilichimba unga. Siku moja msaidizi wangu akarushia maji ya kuoshea bodi ikiwa bado ya moto. Ufa ukashuka toka juu hadi chini.

Fundi alivunja kipande. Sehemu nzima ilikatika kwa shida, nyuzi zikining'inia kama nywele za muhindi. Sehemu iliyopikwa ilikatika kama biskuti. Akanieleza: "Mama, nyuzi hizi zinatokana na miti. Joto likipita nyuzijoto 200 na kitu, zinageuka mkaa humo humo ndani." Nyuzi za plastiki ya polipropilini huwahi zaidi, zinayeyuka kwenye 165 hivi. Saruji nayo hukaushwa maji iliyoyashika, na joto likizidi 400 chokaa iliyomo huvunjika. Ikipata unyevu tena huvimba na kupasua. Bodi ya pili ilimalizikia hapo, mvua za Disemba zilipoanza kupiga upande ule wa wazi.

Sasa nyuma ya jiko nimejenga tofali za kuchoma kwa udongo, halafu upana wa kiganja wa hewa, ndipo bodi mpya. (Kuikata, toka nje na ufunge pua, vumbi lake ni baya kwa mapafu.) Ni mwezi wa tano huu. Saa saba mchana, wateja wamejaa na mafuta yanachemka, naweka mkono kwenye bodi: ni vuguvugu tu.

Ukienda kununua, usiishie kuuliza kama inaungua. Uliza inastahimili nyuzijoto ngapi kila siku.